Amana Yenye Mkia

Ukurasa wa kwanza wa daftari umeandikwa kwa kalamu ya buluu, mkono wa mtu mwenye haraka. Tiger, dume, amehasiwa. Hapendi kushikwa masikio. Anaogopa radi. Asipewe mchuzi wenye vitunguu. Akiugua apelekwe kwa daktari wa mifugo, simu isingojwe.

Aliyeandika ni mwalimu wa Msambweni, usiku wa kuamkia safari ya Nairobi, baada ya kupata habari kwamba mamake amelazwa. Hakujua angerudi lini. Kulipokucha alikodi tuktuk nzima, maana matatu za barabara ya Lunga Lunga hazipakii mbwa wa kimo kile, akampeleka Tiger hadi Mwabungo, kusini mwa Diani, kwa rafiki yake wa miaka mingi. Nyumba hiyo ilikuwa na mbwa tayari: Popi, jike mzee wa rangi ya mchanga, aliyelelewa pale tangu hajafumbua macho.

Pwani ya kusini watu huachiana mengi: funguo, kuku, hata mtoto wa kulala siku mbili tatu. Mbwa ni habari nyingine. Mwenye nyumba huyu, mpishi katika hoteli moja ya Diani, alizaliwa upande wa Kinango, kwa Waduruma, ambako babake alifuga mbuzi na mbwa walilala kando ya zizi ili wabweke fisi wakikaribia. Kule boma na boma hutenganishwa na vichaka, na mbwa wa ziada hamsumbui mtu. Mwabungo nyumba zimekaribiana. Nyuma ya uwa wake kuna kijia cha kwenda ufuoni, mbele kuna chuo cha watoto, na juu ya mikorosho na miembe hupita mbega. Majirani walikwisha kumzoea Popi, wakajua anakolala na saa anazotoka. Mbwa wa pili, tena mgeni, alikuwa anavuruga mazoea ya mtaa mzima, si ya nyumba moja tu.

Ndiyo maana kazi ya kumpokea Tiger ilianzia kwa jirani. Jioni moja kabla ya tuktuk kufika, mwenye nyumba alikwenda barazani kwa Maalim, mzee anayefundisha watoto Kurani.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Alimweleza habari za mwalimu na za mbwa. Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali ambalo mpishi yule analirudia hadi leo kila anapoombwa ushauri: "Popi anatujua. Huyu mgeni, nani atamjulisha kwetu?"

Swali hilo lilikuwa na uzito wa kidini na wa kila siku. Waislamu wengi wa pwani hufuata madhehebu ya Imam Shafi, na kwayo mate ya mbwa ni najisi nzito: kilichoguswa na unyevu wake huoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Mtu aliyetawadha nyumbani, anayetembea gizani kwenda msikitini alfajiri, akirukiwa na mbwa mwenye furaha hana budi kurudi kuosha nguo, na jamaa itampita. Mbwa hakukusudia ubaya wowote, lakini mtu kakosa sala ya jamaa. Anayefuga mbwa katikati ya Waislamu na asilifikirie jambo hilo hajawaheshimu majirani zake, hata kama mbwa wake hajawahi kumuuma mtu.

Basi wakapanga saa. Mbwa wote wawili wangebaki ndani ya uwa hadi watu wametoka msikitini na mwanga umetanda. Adhuhuri na alasiri, watoto wanapoingia na kutoka chuoni, geti lingefungwa kwa komeo. Matembezi yangekuwa kwa kamba, kwa njia ya nyuma. Maalim naye aliahidi kuzungumza na watoto wasirushe mawe juu ya ukuta. Alitimiza kwa namna yake: aliwasimulia hadithi ya Mtume kuhusu mtu aliyeteremka kisimani, akajaza kiatu chake maji na kumnywesha mbwa aliyekuwa akiramba udongo kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Akaongeza habari za vijana wa pangoni, Ashabul Kahfi, ambao mbwa wao ametajwa ndani ya Kurani akiwa amenyoosha miguu ya mbele mlangoni. Mawe yalikoma. Baadhi ya watoto wakaanza kusimama mbali na geti na kumwita mgeni kwa jina.

Sharti la pili lilikuwa la karatasi. Tiger asingeingia bila cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, na chanjo ya Popi ililazimika iwe haijapitwa na wakati. Rafiki mwingine angeweza kuona haya kudai cheti kutoka kwa mtu ambaye mamake yuko kitandani. Mpishi hakuona haya, na alifanya sawa kabisa.

Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara huua. Hadi asilimia 99 ya watu wanaokipata duniani huambukizwa na mbwa, na wengi miongoni mwa waathiriwa ni watoto. Mbwa anaweza kubeba virusi kwa wiki au miezi huku akila na kucheza kama kawaida, kwa hiyo kumtazama mgeni na kusema mzima huyu hakumlindi yeyote. Kenya ilizindua mpango wa kitaifa wa kuutokomeza ugonjwa huu kati ya 2014 na 2030, na nguzo yake kuu ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa kila mwaka.

Ng'ambo ya mkondo wa bahari, kisiwani Pemba, kuna mfano ambao kila mwenye kuhamisha mbwa angefaa kuujua. Kampeni za kuchanja mbwa zilikitokomeza kichaa pale kufikia 2014. Mwaka 2016 kikarudi, na uchunguzi wa vinasaba vya virusi ukaonyesha kwamba kililetwa kutoka nje ya kisiwa. Ilibidi chanjo zirudiwe kwa nguvu, na 2018 kikatokomezwa tena. Kisiwa kilichozungukwa na maji pande zote kiliingiliwa na wanyama wachache waliosafirishwa, seuze Mwabungo na Msambweni, zilizounganishwa na barabara ya lami?

Kuhusu majeraha, nyumba ile ilikuwa na kanuni iliyobandikwa jikoni, juu ya karai la vyombo: anayeng'atwa au kukwaruzwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa amechanjwa. Mbwa aliyeuma huangaliwa kwa siku 10, hauawi. Akiwa mzima baada ya muda huo, hakuwa na virusi mateni siku alipouma. Kanuni hiyo haikuhitajika hata mara moja, lakini watoto wa nyumba waliijua kwa moyo.

Tuktuk haikufika getini. Dereva aliombwa asimame kando ya uwanja wa mpira, mahali ambapo Popi hakupahesabu kuwa pake, na mpishi akatoka naye kwa kamba. Wanawake hao wawili, mpishi na mwalimu, wakatembea upande mmoja, mbwa mmoja kulia kwa mbali na mwingine kushoto, kamba zikiwa zimelegea. Kamba inayovutwa humwambia mbwa kwamba kuna hatari, na humzuia kupinda mwili au kugeuza kichwa, ndizo njia zake za kusema hataki ugomvi. Mkufunzi wa mbwa wa Norway, Turid Rugaas, aliziandikia kitabu ishara hizo: kupiga miayo bila usingizi, kuramba pua, kunusa ardhi ghafla, kukaribia kwa kuzunguka badala ya kunyooka. Popi, ambaye hakusoma kwa yeyote, alizifanya takriban zote. Tiger alisimama kidete kidogo, mkia juu, mgumu. Wakapishana mara kadhaa. Baadaye wakanusana kwa kitambo kifupi, wakatenganishwa kabla hajachoka yeyote, wakatembea tena. Walipoingia uwani walikuwa tayari wanajuana kwa harufu, na Popi ndiye aliyetangulia.

Kijana mmoja wa jirani alishangaa kwa nini mambo marefu hivyo. Waachie wapigane siku moja, alisema, mkubwa ajulikane, yaishe. Ushauri huo husikika kutoka Likoni hadi Vanga, na una historia. Mwaka 1947 mtaalamu Rudolf Schenkel alichapisha uchunguzi wake wa mbwa mwitu waliofungiwa pamoja katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi, akaeleza jinsi walivyoshindania ukubwa. Mmarekani L. David Mech akaieneza fikra hiyo katika kitabu chake cha 1970. Lakini Mech huyo huyo, baada ya kuwafuatilia mbwa mwitu huru katika kisiwa cha Ellesmere, kaskazini ya mbali ya Kanada, aliandika mwaka 1999 kwamba kundi la porini kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao. Anayeongoza ni mzazi, hakupata cheo kwa kupigana. Wale wa Basel walikuwa wageni waliolazimishwa kuishi kwenye kizimba kimoja.

Na hapo ndipo penye jambo lenyewe. Tiger na Popi nao walikuwa wageni wawili waliowekwa pamoja bila kuulizwa. Walichohitaji ni nafasi ya kukwepana, na nafasi hiyo hutengenezwa na mwenye nyumba.

Popi aliachiwa vyake vyote. Mahali pake pa kulala, pembeni mwa mlango wa jikoni, palizungushiwa kizuizi cha mbao ambacho Tiger hakuruhusiwa kukivuka. Kila jioni mpishi alikaa naye peke yake kwa muda, akimchana na kumtafuta kupe, huku mgeni akiwa upande wa pili wa nyumba na watoto. Wengi wanaopokea mbwa wa mtu humwangalia mgeni kwa huruma, wakamsahau mwenyeji. Anayepoteza zaidi ni mwenyeji: uwa umepungua, mikono ya kumpapasa imegawanywa, na hakuna aliyemweleza kwamba ni kwa muda tu.

Chakula kilihitaji ulinzi zaidi ya kitu kingine. Sima na dagaa vilipikwa kwa sufuria moja, lakini kila mbwa alikula upande wake wa nyumba, asimwone mwenzake, na mabakuli yakaondolewa wote wakimaliza. Mchuzi wa mabaki haukutiwa, kwa kuwa vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa ilizikwa, maana huvunjika vipande vyenye ncha.

Mgongano ulikuja kwa njia ya paka. Paka wa mtaani alipita juu ya ukuta na kichwa cha changu, kikamponyoka, kikaanguka katikati ya mbwa wawili waliokuwa wamelala kwa amani. Kelele zilisikika hadi chuoni. Mpishi hakutia mkono, wala hakumshika yeyote shingoni, kwa sababu mbwa aliye katika vita huuma kinachomgusa kabla hajakitambua. Alimwaga ndoo ya maji juu yao, na walipoachana akamwita Popi kwa sauti ya kawaida, akamwingiza jikoni. Hakuna aliyechapwa. Sikio la Tiger lilitoka damu kidogo, likaoshwa. Wakakaa mbali hadi kesho yake, wakatembezwa tena ubavu kwa ubavu uwanjani, kama siku ya kwanza, na mambo yakarudi yalivyokuwa.

Masika yalikuwa yameanza. Mvua ya Kwale inaponyesha hasa, uwa hugeuka matope na wote hubanana barazani. Usiku wa radi ya kwanza Tiger, mbwa wa kutisha kwa umbo, alijikunja chini ya meza akitetemeka, mate yakimtiririka. Popi, mzee wa masika mengi, alimtazama, akaendelea kulala. Mpishi alikaa sakafuni karibu na mgeni bila kumvuta atoke. Kuna wanaosema kwamba ukimliwaza mbwa mwenye hofu unamfundisha kuogopa. Si kweli. Hofu haiongezeki kwa kuliwazwa, na kukaa naye ndicho alichokihitaji usiku ule.

Mvua huleta kupe. Kupe wa kahawia wa mbwa anaweza kuishi ndani ya nyumba, katika nyufa za ukuta, na hubeba vijidudu vinavyoshambulia chembe za damu. Asubuhi moja Tiger hakuinuka kwa sima. Fizi zake, zilizokuwa nyekundu, zilikuwa zimepauka. Maagizo ya mwalimu yalikuwa wazi, na Nairobi simu haikupokelewa, basi tuktuk ikaitwa bila kusubiri. Daktari alipima damu, akamwandikia vidonge vya doksisailini vya kumeza kwa wiki kadhaa. Mwalimu alipiga alasiri kutoka wodini. Hakukuwa na ubishi wa nani alipe nini, kwani hilo nalo lilikuwa limeandikwa, na pesa zikaingia kwa M-Pesa kabla ya magharibi. Marafiki wengine huhisi kwamba kuandikiana ni kutoaminiana. Wawili hawa waliandikiana kwa sababu urafiki wao ulikuwa na thamani kuliko kusahau.

Tiger alipopata nafuu, alianza kupelekwa ufuoni, na huko kulikuwa na mafunzo mengine. Matembezi yalikuwa ya mapema au ya jioni. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na hewa yenye unyevu mwingi ya pwani hupunguza nguvu ya kuhema huko. Mbwa mnene akikimbizwa juani mchangani anaweza kuanguka. Wavuvi waliopandisha ngalawa walimwonya mpishi kuhusu bunju, samaki anayejivimbisha, ambaye hutolewa nyavuni na kuachwa mchangani. Sumu yake haiishi kwa kukauka wala kupikwa, haina dawa ya kuizima, na kipande kidogo hutosha kumuua mbwa mwenye pupa. Tiger alikuwa na pupa. Kamba haikuwahi kumtoka shingoni pale.

Kulikuwa na sababu nyingine ya kamba. Miezi hiyo kasa hupanda ufuo wa Diani na Galu usiku kutaga, akaacha mayai mia moja au zaidi ndani ya shimo moja, yakae kama miezi miwili hadi yaanguliwe. Pua ya mbwa huyapata kwa urahisi, na makucha humaliza kwa dakika chache kiota kizima cha mnyama anayelindwa na sheria ya wanyamapori ya 2013.

Mbega nao. Mbega hawa weusi wenye mabega meupe hupatikana Kenya hasa katika misitu ya Kwale, na Diani ni mojawapo ya makazi yao makuu. Shirika la Colobus Conservation, lililoanzishwa 1997, limetundika madaraja ya kamba juu ya barabara ya ufuoni ili wasigongwe na magari. Gari, nyaya za umeme na mbwa ndivyo vinavyowaumiza sana nyani na kima wa eneo lile. Mbega ni mnyama wa juu: mtini humpati, lakini akiteremka kuvuka uwazi kati ya miti hana mbio za kumshinda mbwa. Popi alikua nao, hainui hata kichwa. Tiger, ambaye kwao Msambweni alizoea kufukuza chochote kinachokimbia, alipandwa na wazimu siku ya kwanza alipowaona juu ya paa. Tangu hapo hakuachwa uwani peke yake asubuhi, wakati wao wa kupita, na alifundishwa kwa vipande vya dagaa kumgeukia mpishi kila majani yanapotikisika. Hadi mwisho alikuwa bado akiwatazama kwa hamu. Alichojifunza ni kutazama na kubaki palepale, na hilo lilitosha.

Mwalimu alirudi mvua zilipopungua, mamake akiwa ameruhusiwa kwenda nyumbani. Alipopita kwanza kwa Maalim kumshukuru, mzee alimwambia kwamba watoto wataulizia. Tiger alimlilia mwalimu hadi sauti ikakauka, kisha akapanda tuktuk bila kuvutwa. Popi alizunguka uwa kwa siku kadhaa akinusa mahali mgeni alipokuwa akilala, na siku ya kwanza hakumaliza chakula. Mpishi hakukimbilia kusema kwamba anamwomboleza. Alisema tu kwamba amezoea nyumba yenye wawili, akampa muda.

Deni lililobaki ni la Desemba. Hoteli za Diani hujaa, mpishi hulala kazini, na Popi ndiye atakayesafiri kwenda Msambweni. Kule hakuna mbega, lakini jirani wa mwalimu anafuga kuku wanaotembea huru, na Popi ana historia na kuku. Wameanza kulizungumza: kuta za upande huo zitainuliwa, mwalimu mwenyewe atakwenda kwa jirani huyo, na chanjo ya Popi itarudiwa kabla ya mwezi huo kuingia.